Boksi la Namba Ndogo

Waya wa Boksi la Waasisi ulipungua hatua nne, na aliyetumwa kuuongeza ni Nkwabi Shigela.

Mwaka uliopita boksi hilo, la mtandao la wazee walioanzisha mji, liliwekwa kwenye kona, karibu na meza ya mapokezi, na watu wa nyuma wakanung'unika kwamba hawakuliona. Mwaka huu Mwenyekiti alilitaka katikati ya ukumbi wa Pango la Utawala, ndani ya kasha la kioo, juu ya kijukwaa kilichopakwa rangi ya buluu. Nkwabi akapiga magoti na drili yake, akatoboa sakafu ya mwamba, akalaza waya, akaubana kwa vibanio vya bati kila baada ya shubiri mbili. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na moja, tangu watu wa Itobela walipolikimbia jua wakateremka kwenye mashimo ya mgodi wa zamani. Hakuwa akiwaza kitu. Tangu mkewe Nshoma afariki, mikono ilikuwa inakwenda kazini na yeye anaifuata.

"Mzee Nkwabi."

Aliviona viatu kwanza, vyeusi, havina hata chembe ya vumbi. Huko Itobela, asiye na vumbi viatuni ni mkubwa.

"Naam, Mwenyekiti."

"Taa zake zitachezacheza?"

"Ukiliunga na mtandao zitacheza. Usipoliunga zitawaka tu, zimeganda."

"Basi liunge. Taa zilizoganda zinatia huzuni. Watu wanataka kuona boksi la wazee wetu bado linahema." Mwenyekiti Gwandu aliinama akagusa kijukwaa kwa kidole, akakitazama kidole kama rangi imekauka. "Mwaka jana zilicheza vizuri sana. Uliona?"

"Mwaka jana sikuwepo ukumbini."

"Kwa nini tena? Sherehe kubwa namna ile..." Kisha akakumbuka. "Aa. Kweli. Pole sana, mzee."

Akaenda zake, na viatu vyake.

Nkwabi akabana kibanio kingine. Mwaka jana, Siku ya Kushuka, wakati ukumbi huu unapiga makofi, yeye alikuwa nyumbani Pango la Makazi, ameshika mabega ya mkewe. Nshoma alikuwa mmoja wa wale waliochimba mapango haya mwanzoni, kabla ya mashine za kunyonya vumbi kuletwa. Vumbi la mwamba liliwaganda vifuani. Utawala ukawapa pafu la nje: mfuko wa mpira ndani ya kopo la bati unaovaliwa kifuani, na bomba dogo linaloingia chini ya mbavu. Ila akili ya pafu haikuwekwa ndani ya pafu. Iliwekwa Zahanati. Kila pumzi iliagizwa kutoka kule, ikapita kwenye waya, ikafika kwenye tundu la ukutani, ndipo mfuko ukajaa. Amri isipofika kwa sekunde arobaini, pafu linajifunga kwa kufuli la ndani, mpaka mtu wa Zahanati aje na ufunguo. Sekunde arobaini zinatosha kuhama kutoka tundu la kitandani hadi tundu la jikoni. Hazitoshi kuondoka na pafu la Utawala ukaenda kuliuza juu. Hayo yalipangwa na watu waliokaa mezani, wanaohema wenyewe.

Kwenye cheti cha Nshoma waliandika: pumzi kushindwa, mapenzi ya Mungu. Nkwabi alikwenda Utawala mara tatu kuuliza. Mara tatu wakampa kiti na bilauri ya maji. Wakubwa wana maji mengi ya kumpa mtu anayeuliza.

* * *

"Shikamoo, Mzee Nkwabi."

"Marahaba, mama injinia."

"Usiniite mama, bwana. Nina miaka ishirini na sita."

Anyelwisye Mwakalebela alikuwa na miezi mitatu Itobela, ametokea mapango ya Rungwe, na bado alikuwa anakohoa vumbi. Alimwita Nkwabi kwenye chumba cha maboksi nyuma ya Zahanati, chumba chembamba chenye ubaridi, ambamo boksi la mtandao lilining'inia ukutani na milango yake ishirini na nne ya nyaya, kila mlango na kitaa chake. Kijani, mlango uko wazi. Manjano, umefungwa.

"Nasoma kumbukumbu za maboksi," alisema. "Kuna siku moja siielewi. Siku ya Kushuka ya mwaka jana. Saa nne na dakika hamsini maboksi yote yamebadilisha mkubwa wao. Saa tano na dakika kumi na nne yamebadilisha tena, yakamrudia wa zamani. Siku hiyo mliunga nini pale Utawala?"

"Boksi la Waasisi."

"Lile la kwenye kioo? Si la maonyesho lile?"

"Mwenyekiti anapenda taa zicheze."

Anyelwisye akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akachukua vibanio vitatu vya bati kutoka kwenye mfuko wa Nkwabi, akavipanga mezani pembe tatu.

"Huyu Utawala. Huyu Zahanati. Huyu Makazi. Kila pango lina boksi moja, na nyaya zimezunguka: Utawala na Zahanati, Zahanati na Makazi, Makazi na Utawala. Wewe mwenyewe umezilaza. Kwa nini tatu, wakati mbili zinatosha kuunganisha?"

"Mwamba ukikata mmoja, ubaki mwingine."

"Sawa. Lakini yote matatu yakiwa wazi kwa pamoja?"

Hilo Nkwabi hakuhitaji kuelezwa. Mwaka wake wa pili chini, kwenye kidude cha kugawia mtandao, alichomeka ncha mbili za waya uleule bila kujua. Itobela nzima ikawa bubu nusu siku. Walimkalisha langoni siku tatu, kila apitaye amwone aliyeziba mji.

"Inazunguka," alisema.

"Inazunguka. Ujumbe wa kwenye nyaya hizi hauzeeki, mzee. Haujui kwamba umeshapita hapa. Utakimbia duara, ujizae, mpaka hakuna nafasi ya kingine. Ndiyo maana lazima mlango mmoja ufungwe. Sasa mlango upi? Hatuamui sisi, wanaamua maboksi yenyewe. Kwanza yanachagua mkubwa. Kila boksi linatangaza namba yake, na mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye mkubwa."

"Namba inaandikwa na nani?"

"Sehemu ya mbele inatakiwa iandikwe na injinia. Hapa haijaandikwa na mtu. Miaka thelathini na moja, zote ziko kama zilivyotoka kiwandani, sawasawa. Wakilingana hapo, inatazamwa namba ya kuzaliwa. Na la zamani mara nyingi lina namba ndogo."

"Kwa hiyo anayeshinda ni yule mzee kuliko wote."

"Hata kama hawezi kazi."

"Kama hapa kwetu," Nkwabi akasema. Anyelwisye hakucheka, akaendelea kusogeza vibanio.

"Mkubwa akipatikana, kila boksi linatafuta mlango wa kumfikia kwa njia fupi. Huo unabaki wazi, ni mlango wa kupandia. Kisha kwenye kila waya kati ya maboksi mawili, mlango mmoja unashika zamu ya kupitisha ujumbe, ule ulio karibu zaidi na mkubwa. Wakilingana umbali, mwenye namba ndogo. Mlango unaobaki, usio wa kupandia wala wa zamu, unafungwa. Haufi. Unasikia salamu za mkubwa kila sekunde mbili. Ila haupitishi kitu."

"Unasikia tu."

"Unasikia tu." Aligusa kibanio cha Zahanati. "Siku za kawaida mkubwa ni huyu hapa, ana namba ndogo kwa hawa watatu. Makazi inapandia kwake moja kwa moja, hatua thelathini. Kinachofungwa ni waya wa Makazi na Utawala, ambao hauna umuhimu. Sasa mnaleta Boksi la Waasisi, mnaliunga Utawala, na namba yake ni ndogo kuliko zote. Linakuwa mkubwa wa Itobela nzima. Makazi inageuka, inapandia Utawala. Zahanati nayo hivyohivyo. Waya unaofungwa ni huu." Akaweka kidole kati ya Zahanati na Makazi. "Pumzi ya mgonjwa wa Makazi inakwenda kuzungukia Utawala kwanza. Kugeuka kunachukua sekunde thelathini: mlango unasikiliza kumi na tano, unajifunza kumi na tano, ndipo unafunguka."

"Pafu linasubiri arobaini."

"Kwa hiyo walipochomeka, hakuna aliyeumia. Lakini sherehe ikaisha, wakachomoa. Waya wa lile boksi unapitia kwenye kidude cha kugawia, kisicho na akili, kwa hiyo boksi la Utawala halikuona kwamba mkubwa ameondoka. Likakaa likingoja salamu. Linangoja sekunde ishirini kabla ya kukata tamaa. Ishirini, kisha kumi na tano, kisha kumi na tano."

Nkwabi hakuwa mtu wa shule. Darasa la nne aliliacha katikati. Lakini hizo aliweza kuzijumlisha.

"Kumi," alisema.

"Kumi?"

"Zilizozidi. Sekunde kumi."

Saa tano na dakika kumi na nne. Nshoma alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, na mfuko ukasimama katikati, haujajaa haujaisha. Akamtazama mumewe kama mtu aliyeulizwa swali. Nkwabi alitikisa kopo, akapiga ukuta, akakimbia hatua thelathini hadi Zahanati, akarudi na muuguzi mwenye ufunguo. Kulifungua pafu na kuliamsha ni dakika sita.

"Kuna mama alifariki Makazi siku ile," Anyelwisye alisema taratibu. "Saa yake inalingana. Ulimfahamu, mzee?"

"Alikuwa mke wangu."

Injinia akaweka vibanio chini. Nkwabi akaviokota kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni, kwa sababu vilikuwa vya kazi na kazi haijaisha.

* * *

Mwenyekiti aliwapokea vizuri. Kiti, bilauri ya maji. Alimsikiliza Anyelwisye hadi mwisho bila kumkatiza, akiandika maneno mawili matatu kwenye daftari.

"Na dawa yake ni nini, injinia?"

"Ni ndogo, Mwenyekiti. Naandika sifuri mbele ya namba ya boksi la Zahanati. Hakuna boksi litakaloishinda. La Waasisi mtaliunga, taa zitacheza, na hakuna kitakachogeuka. Dakika mbili tu."

"Dakika mbili." Gwandu aliweka kalamu. "Ukiandika hapo, mimi naweka saini. Saini inataka sababu. Nitaandika sababu gani?"

"Usalama wa wenye mapafu."

"Kwa nini mwaka huu na si mwaka jana? Tukibadilisha, tumekiri. Una ushahidi gani? Kumbukumbu ya boksi inasema mlango ulifungwa. Haisemi mtu alikufa kwa ajili hiyo. Mama yule alikuwa mgonjwa, sote tunajua."

"Nipe pafu moja tupu kutoka ghalani, nikuonyeshe likijifunga."

"Mapafu ya ghalani ni ya dharura, si ya michezo."

"Basi tusiliunge boksi. Liwake tu."

"Nimeshawaahidi watu taa." Akamgeukia Nkwabi, na sauti ikawa ya msibani. "Mzee wangu, uchungu nauelewa. Lakini hatuwezi kuendesha mji kwa uchungu wa mtu mmoja. Jambo likitokea mbele ya macho yetu, tutaliona sote, hakuna atakayebisha. Halijatokea. Na wewe, injinia, hilo boksi usiliguse bila karatasi yangu. Jina lako linaandikwa kila unapoingia kwenye boksi kutoka mezani kwako."

Nje, kwenye njia, Anyelwisye alitembea haraka mpaka Nkwabi akashindwa kumfuata. Alisimama kumsubiri.

"Nani amebaki na pafu Makazi?"

"Mmoja. Lutandula. Wengine wako wodini, na wodi ina vitanda sita, vimejaa."

"Sherehe ni keshokutwa."

"Najua. Mimi ndiye nilazaye waya."

Alitoa karatasi mfukoni, ameiandika kwa herufi kubwa kama za mtoto, mistari mitano, na kila mstari una namba ya kubonyeza kwenye kioo kidogo cha boksi lenyewe. Akaiweka juu ya ukingo wa mwamba.

"Anayesimama mbele ya boksi na kubonyeza kwa mkono haandikwi jina," alisema. "Ila mimi nikionekana naligusa, nitaulizwa. Nadhani nimesahau karatasi yangu mahali, mzee. Sijui nimeiacha wapi."

* * *

Lutandula alikuwa na miaka sabini na minne, na kitu pekee kilichobaki kizima mwilini mwake ni mdomo. Alikaa kitandani amevaa kopo lake la bati, waya umeingia ukutani, na mfuko ukajaa na kuisha, na kila ulipojaa kulisikika kitu kama mtu anayekunja mkeka.

"Umekuja kunikagua kama nimekufa?" alisema Nkwabi alipoingia. "Rudi keshokutwa. Kesho nataka kusikiliza sherehe."

"Nimekuletea chai."

"Umeweka sukari, au umeweka huruma?"

"Sukari."

"Basi lete." Alipiga funda. "Umeweka huruma."

Wakacheza karata juu ya blanketi. Lutandula aliiba waziwazi kama kawaida, na Nkwabi akamwacha kama kawaida. Kipaza sauti cha njiani kilikuwa kinajaribiwa: moja, mbili, moja, mbili.

"Gwandu atahutubia saa nzima," alisema Lutandula. "Mwaka wa kwanza tuliposhuka, mimi na mkeo tulichimba ule ukumbi wake. Nshoma alikuwa anapiga sururu kuliko wanaume. Leo wakisoma majina ya waasisi, wanasoma ya waliokuwa wameshika karatasi. Cheza wewe, unaangalia nini?"

"Waya wako."

"Una nini?"

"Hauna kitu. Uko sawa."

Alikuwa anautazama tangu alipoingia. Kesho, wakichomoa, ungebaki palepale ukutani, mzima, na usipitishe kitu kwa sekunde hamsini. Mfuko ungesimama. Safari hii injinia angekuwa mbele ya boksi, anasoma saa, na muuguzi angeitwa mlangoni, na watu wangejaa. Jambo lingetokea mbele ya macho yao, kama alivyotaka Mwenyekiti mwenyewe. Cheti cha Nshoma kingeandikwa upya. Wangeondoa lile neno mapenzi.

Na akibonyeza ile mistari mitano, hakuna kitakachotokea. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, na alikuwa ameuzungukia tangu jana bila kuona njia nyingine. Wangechomeka, wangechomoa, mji mzima ukiona kwamba boksi halijamdhuru mtu. Angekuwa amewafulia nguo zao kwa mikono yake.

Akatafuta hasira ndani yake, imsaidie kuamua. Hakuipata. Ilikuwa kama kuingiza mkono kwenye gunia ukakuta vumbi la chini. Kulikuwa na mzee wa miaka sabini na minne, anayesema kila siku kwamba amechoka. Kulikuwa na Nshoma, aliyekwisha kufa, ambaye hakuna sekunde itakayomrudia. Alizipanga hesabu hizo mbili, na hazikumuuma upande wowote.

"Umechoka, Lutandula?" aliuliza.

"Na nini?"

"Na hilo kopo."

"Nimechoka nalo tangu siku waliyonivalisha." Lutandula akatupa karata, akakusanya zote, mchezo haujaisha. "Lakini sijamaliza kuwatukana. Nimeshinda. Changanya."

* * *

Siku ya Kushuka, saa nne na robo asubuhi, Nkwabi alimaliza kuunganisha waya kwenye kijukwaa cha buluu. Alifuta alama za magoti yake sakafuni. Watu walianza kuingia, akina mama wamefunga vitenge vipya, viongozi wameketi mbele.

Alitoka. Hakuwa ameamua kitu. Miguu ilikwenda Zahanati, akaifuata. Chumba cha maboksi kilikuwa wazi, hakuna mtu ndani, na hilo pia lilikuwa limesahauliwa na mtu kwa makusudi.

Akasimama mbele ya boksi. Taa za kijani zilikuwa zinacheza, mlango wa tatu ni Makazi. Alijua kwamba moja ya zile nukta zinazorukaruka ilikuwa pumzi ya Lutandula, ila hakujua ipi. Akatoa karatasi. Mstari wa kwanza aliusoma mara nne. Kidole chake kilikuwa kinene kwa vile vitufe, akabonyeza viwili kwa pamoja, kioo kikamwambia amekosea, akaanza upya. Saa nne na dakika thelathini na nane. Alipofika mstari wa nne alisimama.

Hapa angeweza kuondoka. Hakuna aliyemwona. Angerudi ukumbini akasimama nyuma, na boksi likishachomolewa angekuwa mtu aliyesema kweli.

Akamsikia mtu akikohoa wodini, upande wa pili wa ukuta, kikohozi cha kawaida tu. Akasubiri kimalizike. Kisha akabonyeza sifuri, akabonyeza mstari wa tano. Kioo kikaandika neno moja: Imepokelewa. Taa hazikubadilika. Kama angesema amefanya kitu, hakuna hata taa moja ambayo ingemshuhudia.

Aliikunja karatasi, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikawa uji. Halafu akarudi kwenye sherehe.

* * *

Saa nne na dakika hamsini na mbili Mwenyekiti alichomeka. Boksi la Waasisi likaguna, likakaa kimya, kisha taa zake sita zikaanza kuchezacheza. Ukumbi ukapiga vigelegele. Anyelwisye alikuwa kando ya nguzo, anatazama saa ya mkononi. Alimtazama Nkwabi mara moja. Nkwabi akatazama viatu vyake.

Hotuba ilikuwa ndefu. Majina yakasomwa, ya wale walioshika karatasi. Ilipofika saa tano na dakika ishirini, Gwandu alishika plagi, akaiinua juu watu waione, akachomoa. Taa zikazimika.

Nkwabi akahesabu. Kumi. Ishirini. Alipofika arobaini akautazama mlango wa ukumbi. Hamsini. Sitini. Hakuna aliyekuja akikimbia kutoka Makazi. Akahesabu hadi mia mbili, kwa kuwa hakujua pa kuacha.

"Ndugu zangu," Gwandu alisema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikaenda mapango yote matatu. "Kuna maneno yamepita chinichini, kwamba boksi hili la wazee wetu lilimtoa mtu roho. Sikutaka kujibu kwa maneno. Nimeliunga mbele yenu, nimelichomoa mbele yenu. Mmeona wenyewe. Mungu ailaze pema roho ya marehemu mama yetu, na amsamehe kila aliyelitumia jina lake vibaya."

Watu wakapiga makofi. Waliokuwa karibu na Nkwabi wakageuka wamwone. Aliitazama mikono yake ikiinuka, ikigongana mara tatu, mara nne, na kushuka.

* * *

"Hotuba ya hovyo," alisema Lutandula. "Kaa. Lakini wamekutaja, au mimi nimesikia vibaya?"

Nkwabi aliketi kwenye ukingo wa kitanda, upande wa tundu la ukutani. Mfuko ulijaa, ukaisha, ukajaa. Kisha akamwambia yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa: boksi, namba ndogo, milango, sekunde arobaini na sekunde hamsini, karatasi ya injinia, sifuri.

Lutandula hakumkatiza. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

"Kwa hiyo leo ningekufa," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na ningekufa, wangekuamini."

"Ndiyo."

"Sasa hawatakuamini tena. Hata ukienda na boksi mgongoni."

"Hawataniamini."

Mkeka ukakunjwa kifuani mwa mzee, ukakunjuka.

"Ulifikiria kuniacha?"

"Nilifikiria."

"Kwa muda gani?"

"Tangu juzi. Mpaka leo, saa nne na dakika arobaini."

Lutandula akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la miaka mingi, na Nkwabi hakuweza kuona kilichokuwemo, wala hakujaribu sana. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka sherehe, wanaongea kwa sauti, mtu anamwita mwenzake waende kula.

"Jana ulikuwa unacheza karata na mimi," alisema Lutandula.

"Ndiyo."

"Na chai ukaleta."

"Nilileta."

Mzee alipapasa nyuma yake, akaushika waya mahali ulipoingia ukutani, akaubana kwa vidole viwili kuhakikisha umekaa. Akauachia. Akasogeza miguu yake chini ya blanketi ili kuacha nafasi.

"Kaa upande huu wa miguuni," alisema. "Kule kwenye tundu usikae tena. Haya, gawa karata."